Kompaila Mpya na Mizani ya Buleusa

Barua pepe ile ilinikuta kijijini Kirolirwe, mikono yangu imelowa maji ya chumvi, nikigeuza fromaji, yaani jibini, za mjomba wangu. Simu ililia mfukoni mwa aproni. Sikuisoma mara moja. Mimi nikiona barua mpya huanza kwanza kujiuliza nimekosea wapi, kwa hiyo nilimaliza rafu nzima, nikakausha mikono, nikatoka hadi karibu na zizi la ng'ombe ambako rezo ya simu hushika vizuri, ndipo nikaifungua.

Ilitoka kwa mratibu wa mradi ninaojitolea. Mradi wenyewe unatengeneza mfumo endeshi huria, ile programu kuu inayoamsha kompyuta na kuendesha programu nyingine zote. Mfumo wetu mtu yeyote anaweza kuuchukua bure, kuufungua, kuubadilisha na kumpa mwenzake. Tuko watu wa nchi nyingi na wengi wetu hatujawahi kuonana. Mratibu ni mama mmoja anayeishi mbali sana na Kivu, mpole katika maandishi yake, lakini hasahau kitu. Alikuwa anapendekeza kwamba katika toleo lijalo la mfumo tubadilishe kompaila ya msingi.

Kompaila, ambayo sisi tuliosoma kwa Kifaransa tunaiita kompilatere, ni programu inayochukua mistari iliyoandikwa na binadamu na kuigeuza kuwa amri ambazo mashine inazielewa. Kila kitu ndani ya mfumo kimepita kwake. Unaweza kuwa na matoleo kadhaa ya kompaila kwenye kompyuta moja, lakini moja ndilo la msingi, lile linalotumika pale ambapo hakuna aliyesema vingine. Tulilokuwa nalo lilikuwa limezeeka, na waliolitengeneza hawakulirekebisha tena. Jipya lilikuwa linaharakisha programu na kuzielewa kompyuta za siku hizi. Ila kubadilisha toleo la msingi maana yake ni kutengeneza upya mfumo mzima na kuona nini kinavunjika.

"Mwenye pingamizi alete ushahidi kabla ya Jumapili ya tatu kuanzia leo," aliandika. "Asiyesema kitu tutahesabu amekubali. Kuhusu mashine za zamani, tunamtegemea mjaribu wetu wa Kongo."

Mjaribu wa Kongo ni mimi. Niliisoma sentensi hiyo mara saba.

Cheo hicho sikukitafuta. Nilipomaliza chuo, nikiwa na lisansi, yaani shahada, ya informatiki na bila kazi, nilirudi Kibabi kwa wazazi wangu, ambao wanalima maharagwe na viazi mlimani. Nilikuwa na kompyuta moja nzee ya mkononi ambayo mifumo mipya inayouzwa ilikuwa imeikataa. Nikaukuta mradi huu, nikaona unakubali mashine yangu, nikaanza kuwaandikia kila nilipokuta hitilafu. Baada ya muda wakaona mimi ndiye pekee ninayejaribu kila toleo kwenye mashine za aina hiyo. Wakanipa kazi ambayo tayari nilikuwa naifanya kwa kukosa kompyuta nyingine.

Lakini hofu yangu haikuwa ya kompyuta yangu. Dada yangu mkubwa, ambaye namwita Yaya, aliolewa Walikale, na ni muuguzi katika kituo kidogo cha afya, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Buleusa. Pale kuna kompyuta mbili nzito kama mawe ya kusagia, zilizoachwa na watu waliomaliza shughuli zao na kuondoka. Nilizitia mfumo wetu, zikafufuka. Kisha Yaya akaniomba programu ya kutunza uzito wa watoto: siku ya mizani anaandika jina la mtoto na kilo zake, mashine inaonyesha kama ameongezeka tangu mwezi uliopita, na inamwambia kipimo cha dawa kufuatana na kilo, kama karatasi iliyobandikwa ukutani inavyosema. Niliiandika programu hiyo Kibabi, nikaijaribu na watoto wa majirani wa mama yangu.

Kwa hiyo barua ya mratibu niliisoma kama swali moja tu: mashine mbili za Yaya zitaendelea kupata mfumo mpya, au zitaachwa? Zikiachwa, hitilafu zake hazitarekebishwa na mtu, na siku moja zitakuwa meza za kuwekea vikombe.

Nilianza kazi siku ileile. Nilikuwa nimehamia kwa mjomba kwa sababu ya umeme. Ana turbini ndogo kwenye kijito, aliyoiweka kwa ajili ya taa na kuchaji simu za wachungaji, na mimi nalipa umeme wake kwa kugeuza fromaji na kuziosha. Kompyuta yangu ilikaa kwenye rafu tupu kati ya fromaji za wiki moja na za wiki mbili, ikitengeneza upya mfumo mzima kwa kompaila mpya. Ilichukua siku nne. Feni yake ilikuwa inalia kama nyuki waliofungiwa kwenye debe.

"Mupwa," mjomba aliniambia siku ya tatu, "hii mashini yako inapika nini yenye haiive?"

"Inatengeneza mfumo wote upya, Mujomba. Na kompaila mpya."

"Ile ya zamani iko na shida gani?"

"Haina shida. Ila wenye kuitengeneza wameiacha."

"Bon. Mimi pia nilikuwa na dawa ya kugandisha maziwa, nilikuwa nimeizoea sana. Wenye kuileta wakaacha. Nililia wiki moja, kisha nikajifunza ingine. Wewe umelia siku ngapi?"

"Sijalia."

"Uso yako inalia toka asubuhi."

Siku ya nne kila kitu kilikamilika. Nilichukua daftari langu la Kibabi, nikaingiza watoto thelathini mmoja mmoja katika programu ya Yaya, ambayo nayo nilikuwa nimeitengeneza upya kwa kompaila mpya, na kila mtoto alitoka na uzito wake sahihi. Mtu mwingine angeandika "Sina pingamizi" na kwenda kula. Mimi nilikaa nikiwaza kwamba mashine yangu si mashine za Yaya. Niliandika barua ya kukubali, nikaifuta. Nikaandika nyingine, nikaifuta pia. Mwishowe niliuweka mfumo mpya kwenye flash disk, nikaufunga katika nailoni, nikampa dereva wa pikipiki anayenunua maharagwe hadi upande wa Buleusa. Nilimwambia Yaya auweke kwenye mashine moja tu, ile ya pili asiiguse.

Alipiga simu siku ya tano baada ya pikipiki kuondoka. Ili kupiga simu anapanda kilima nyuma ya kituo, na sauti yake ilikuwa bado inahema.

"Mudogo, hii kitu yako imerukwa na akili."

"Imefanya nini?"

"Mutoto wa mama mwenye anauza mawese. Nimemupima mi mwenyewe, kilo saba na nusu. Nimeandika kilo saba na nusu. Mashini inasema kilo elfu mbili na kitu."

"Elfu mbili?"

"Elfu mbili! Hata ngombe ya Mujomba haifike pale. Mama yake amecheka mpaka akakaa chini. Amesema basi yeye hatabeba tena, sasa mutoto amubebe yeye."

"Na mutoto mwenye alifuata?"

"Mwenye alifuata iko chini ya zero. Ule hata hajazaliwa."

Sikuweza kucheka. Nilimuuliza mashine ya pili ilisemaje.

"Ile ulisema nisiguse? Iko inasema vizuri. Kilo saba na nusu. Usiogope, dozi zote nimezitoa kwa karatasi ya ukuta. Hakuna mwenye amekunywa dawa ya elfu mbili."

Nilishukuru, nikakata simu, nikasimama pale zizini kama mtu aliyepata jibu. Programu ilikuwa ileile, mistari ileile, aina ileile ya mashine. Kilichobadilika ni kompaila peke yake. Basi mkosaji alikuwa kompaila. Niliandika pingamizi langu mara kumi na moja, kila mara nikiondoa neno lililoonekana kali au neno lililoonekana la woga, na nikalituma kwa orodha nzima ya barua pepe: toleo jipya linaharibu hesabu kwenye mashine za zamani, naomba tubaki na la zamani.

Jibu la kwanza lilitoka kwa mwenzetu mmoja anayeshughulikia kompyuta mpya. Halikuwa la matusi, na ndiyo maana liliniumiza zaidi. "Kama mashine za zamani haziwezi kuvumilia kompaila mpya," aliandika, "basi tuache mashine za zamani, tusiache kompaila. Tutamsubirisha kila mtu kwa ajili ya mashine chache mpaka lini?" Wengine wanne wakaandika kwamba wanakubaliana naye.

Hilo sikuwa nimelifikiria, mimi ninayefikiria kila kitu. Nilitaka kuzilinda mashine za Yaya, na kwa mkono wangu mwenyewe nilikuwa nimewapa sababu ya kuziacha.

Mratibu aliandika mwisho. "Tutaamua Jumapili ijayo. Mjaribu wetu wa Kongo, unaweza kutuonyesha ni mstari gani hasa unaoharibika?"

Sikuweza. Kwangu haukuharibika mstari wowote. Niliingiza tena watoto thelathini, nikawaingiza kuanzia mwisho kwenda mwanzo, nikaweka majina marefu, nikaweka kilo zenye nukta na zisizo na nukta. Wote walitoka sawa. Zilikuwa zimebaki siku saba. Nilitengeneza orodha ya mambo kumi na manne yanayoweza kuwa chanzo, kuanzia joto la msituni hadi flash disk kulowa njiani, na nilipofika la kumi na nne niliona wazi kwamba orodha haitanisaidia nikiwa Kirolirwe. Nilikwenda kumuaga mjomba. Alikuwa anakoroga maziwa kwenye sufuria kubwa, mgongo kwangu.

"Njia iko je?" aliuliza bila kugeuka.

"Wanasema imefunguka toka juzi."

"Wanasema."

"Mujomba, kama sikuenda, Jumapili wanaziacha."

"Ordinatere mbili zenye zimezeeka kunipita?"

"Njo hizo tu Yaya iko nazo."

Aliendelea kukoroga. Kisha akafuta mikono, akatoa fromaji mbili nzima kutoka rafu ya juu, zile anazoweka kwa ajili ya harusi. "Moja ya shemeji yako. Ingine, kama wanakusimamisha kwenye barieri. Kule fromaji inaongea vizuri kupita lisansi."

Alisema kweli. Ile ya pili ilikwisha kabla sijafika nusu ya njia, kipande kwenye kizuizi hiki, kipande kwenye kile. Nilisafiri siku mbili, kwa pikipiki palipopitika na kwa miguu ambapo dereva alisema tope limemshinda. Usiku mmoja nililala kwa familia moja ya kanisa letu. Malisho yakaisha, migomba ikaongezeka, kisha miti mirefu ikaanza kufunga njia pande zote. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi nilivua sweta, nikalifunga kiunoni. Kompyuta niliibeba kifuani chini ya kitenge kama mtoto. Njia nzima nilijiambia jambo moja: sirudi bila kuuona ule mstari.

Nilifika Jumatano, na Alhamisi ilikuwa siku ya mizani. Yaya hakutaka tuguse mashine kabla. "Utaona vile tunafanya," alisema. "Wewe ulifika hapa siku ya kuweka, haujafika siku ya kazi." Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimekuja mara moja tu, kuziweka mashine, na programu niliituma baadaye.

Mizani inaning'inia kwenye boriti ya baraza, mizani ya saa yenye mshale, na chini yake kaptula ya turubai. Akina mama walikuwa wamekaa kwenye benchi kwa mpangilio waliofika. Mama wa kwanza alisimama, akamvua mtoto kila kitu, akamtumbukiza katika kaptula. Mtoto alibaki akining'inia uchi, miguu ikipiga hewa. Kiunoni alikuwa na kamba nyembamba ya gome la mti yenye fundo moja, ambayo bibi yake alimfunga kwa desturi yao. Yaya alisoma mshale, akasema kilo kwa sauti, mama akazirudia kwa sauti, kisha Yaya akaja kwenye mashine, ile yenye mfumo mpya. Nilisimama nyuma ya bega lake. Aliandika jina. Akaandika uzito. Akaruka kisanduku kilichofuata, akabonyeza kitufe cha mwisho. Mashine ikasema mtoto ana kilo mia tisa.

"Umeona?" alisema Yaya.

Nilikuwa nimeona, lakini nilikuwa bado sijaamini.

"Yaya, haukuandika uzito ya nguo."

"Nguo gani?"

Nilimwangalia mtoto. Alikuwa anamkojolea mama yake.

Hapo inanibidi nieleze Kibabi. Kwetu mlimani kuna baridi, na hakuna mama atakayemvua mtoto mbele ya upepo ule kwa ajili ya mizani ya mtu yeyote. Mtoto anapimwa akiwa amefungwa katika blanketi na kitenge chake, kisha anapokelewa na shangazi, blanketi na kitenge vinapimwa peke yavyo, na kilo zake unazitoa kwenye jumla. Nimeona hivyo tangu nikiwa mdogo. Nilipoandika programu niliweka visanduku viwili, uzito wote na uzito wa nguo, na sikujiuliza kama kuna mahali duniani ambapo kisanduku cha pili hakina maana. Watoto wangu thelathini wa daftari wote walikuwa na blanketi. Kila nilipojaribu, visanduku vyote viwili vilijazwa.

"Ungeandika zero," nilimwambia, na nadhani sauti yangu ilikuwa ya kulaumu.

Yaya aligeuka akaniangalia vizuri. "Kwa nini nidanganye? Zero njo kipimo. Ni kusema nguo ilikuwa juu ya mizani, na mizani ikasema zero. Mi sikupima nguo. Chenye sikupima, siandike. Njo vile walitufundisha: kupima ukute hakuna kitu, ao kutopima, hiyo ni mambo mbili."

"Dada muganga," mama mmoja alisema kutoka kwenye benchi, "huyu njo mwenye alitengeneza mashini?"

"Njo huyu."

"Basi mwambie wa kwangu asipite kilo mia. Niko na mugongo moja tu."

Benchi zima lilicheka. Nilichukua kompyuta yangu, nikakaa mwisho wa benchi lilelile, nikaifungua programu niliyoiandika mwenyewe.

Mstari ulikuwa pale, karibu na juu kabisa. Niliiambia mashine itenge nafasi katika kumbukumbu yake kwa ajili ya uzito wa nguo, lakini sikuiambia nafasi hiyo iwe na nini kama hakuna aliyeijaza. Nafasi ya namna hiyo haiwi tupu. Inabaki na mabaki ya chochote kilichopita pale kabla. Kompaila ya zamani, kwa jinsi ilivyozoea kupanga vitu, ilikuwa ikinipa kila mara nafasi ambayo kwa bahati ilikuwa na sifuri, na mimi nikadhani sifuri ile ni yangu. Kompaila mpya inapanga kwa namna yake, na ikanipa nafasi yenye takataka. Mashine ikachukua kilo saba na nusu, ikatoa takataka, ikaleta jibu. Hakuna kompaila yoyote kati ya hizo mbili iliyoniahidi kitu. Kosa lilikuwa langu tangu siku ya kwanza, na toleo la zamani lilikuwa limenifichia tu.

Kulikuwa na jambo lingine baya zaidi. Kompaila hutoa maonyo: mstari fulani unatia shaka, angalia tena. Mwezi wa kwanza wa kuandika programu ile, maonyo yaliniondolea raha kiasi kwamba niliyazima yote kwa amri moja, nikijiambia nitayawasha nikimaliza. Sikuyawasha. Mimi ninayeogopa kila kitu nilikuwa nimeuziba mdomo wa kitu pekee kilichokuwa na sababu ya kuniogopesha. Nikaifuta amri ile, nikaitengeneza programu tena. Onyo la kwanza kutokea lilitaja mstari uleule.

Wazo langu la kwanza lilikuwa kuweka sifuri pale na kunyamaza. Lakini maneno ya Yaya yalikuwa bado masikioni. Nikaandika hivi: kama kisanduku cha nguo kimeachwa wazi, usitoe kitu, na katika kumbukumbu ya mtoto andika kwamba nguo haikupimwa. Kuitengeneza kwa kompaila mpya, juu ya mashine ileile nzee, kulichukua muda mfupi kuliko kumpima mtoto mmoja na kumvalisha. Mtoto wa mama mwenye mgongo mmoja alitoka na kilo nane na robo. Mama alitikisa kichwa kama mtu aliyepunguziwa mzigo.

Hofu mpya ilinishika jioni hiyo: je, miezi yote iliyopita, sifuri ya bahati ilikuwa sifuri kila mara? Siku ya Ijumaa sikufanya kitu kingine. Nilikaa barazani na daftari kubwa la Yaya, ambamo kila kipimo kimeandikwa kwa kalamu, nikalinganisha na mashine zote mbili, mtoto kwa mtoto, tangu mwanzo. Kila mahali kilo zililingana. Nilifunga daftari nikiwa nimeona kwa macho yangu.

Ilibaki kuwaandikia wale watu. Jumamosi asubuhi tulipanda kilima pamoja, Yaya mbele.

"Sasa utawaambia nini?" aliuliza.

"Naweza kusema tu kama hitilafu imepatikana na imerekebishwa. Si lazima kusema ya nani."

"Mmh."

"Yaya, watasema mjaribu wa Kongo hajui kazi. Niliwashitakia kompaila mbele ya kila muntu."

Alisimama apumue. "Mi nikikosea dozi, naandika katika kitabu: nimekosea, saa fulani, na jina yangu chini. Siandike 'dozi ilikosewa,' sawa vile ilijikosea yenyewe. Mwenye anakuja kazi kisha mi anapashwa kujua."

Tulimalizia kupanda. Kileleni rezo ilikuwa na mistari miwili. Niliandika nimesimama, na kwa mara ya kwanza sikufuta:

"Pingamizi langu nimeliondoa. Kompaila mpya haina kosa. Programu yangu ilikuwa inatumia nafasi ambayo sikuipa thamani, na nilikuwa nimezima maonyo ambayo yangenieleza. Nimeambatanisha mstari wenye kosa na marekebisho yake. Mashine za zamani zinaendesha mfumo mzima uliotengenezwa kwa toleo jipya. Napendekeza liwe la msingi, na napendekeza mashine za zamani zibaki."

Nilituma, nikampa Yaya simu aishike ili nisianze kuisoma tena.

Majibu tuliyakuta Jumapili baada ya ibada, tulipopanda tena. Yule mwenzetu aliyetaka mashine ziachwe alikuwa ameandika mistari miwili: "Mimi nimezima maonyo katika programu zangu tatu. Naenda kuyawasha leo." Mratibu alikuwa ameandika kirefu kidogo. Toleo jipya litakuwa la msingi. Mashine za zamani zitabaki, kwa sharti kwamba awepo mtu mmoja atakayeweka jina lake kuwa anawajibika nazo kwa muda wote wa toleo hilo, ajaribu kila badiliko, na ajibu kila hitilafu itakayoletwa. Mjaribu peke yake hatoshi tena. Bila mtu huyo zitatoka. Alikuwa anasubiri jibu siku hiyohiyo.

Ninajua jinsi ninavyofanya mbele ya swali la namna hiyo. Ninahesabu siku za kukosa umeme, njia kufungwa, rezo kukatika, watu watakaonicheka. Nilianza kuhesabu hata pale kilimani. Nilipofika kwenye njia kufungwa niliacha, nikaandika neno moja, "Nakubali," na jina langu kamili chini yake.

"Umesema nini?" Yaya aliuliza.

"Nimesema ndiyo."

"Bila kuniuliza mara kumi? Uko mugonjwa?"

Nilibaki kwake hadi Alhamisi iliyofuata, kwa sababu Yaya alitaka siku nzima ya mizani kabla ya kuiamini mashine. Tulipima kila mtoto kwa njia mbili. Shemeji yangu, mume wa Yaya, alikaa na daftari na kalamu, akihesabu dozi kwa karatasi ya ukuta. Yaya alikaa kwenye mashine ya mfumo mpya. Kila mmoja alisema jibu lake kwa sauti, na mimi nilisimama katikati. Asubuhi mvua ilinyesha, na mama mmoja alikataa kumvua mtoto wake, akasema amekohoa usiku. Yaya alimpima na nguo zake, kisha akazipima nguo peke yake, akajaza kisanduku cha pili kwa mara ya kwanza. Kilo sita na gramu mia mbili, alisema. Kilo sita na gramu mia mbili, alisema shemeji. Waliofuata walikuwa uchi, kisanduku wazi, na majibu yakaendelea kulingana hadi benchi likabaki tupu.

Yaya alipiga mstari chini ya jina la mwisho katika daftari lake. Akainuka, akaingia ndani, akarudi amekumbatia ile kompyuta ya pili, ambayo hadi siku hiyo ilikuwa bado na mfumo wa zamani, akaiweka mezani mbele yangu na kuiwasha.

"Sasa na hii," alisema.